Nukta ya Buluu Kwenye Shafti

Hegland, Minnesota
25 Oktoba 1973

Dada Marit,

Najua umeninunia kwa sababu sijaandika tangu Pasaka. Nitukane kwanza, umtukane na babu yangu ambaye ni babu yako pia, halafu urudi hapa tuendelee. Tayari? Haya.

Wiki ijayo lori la kiwanda litashusha sanduku lenye jina lako pale posta ya ng'ambo ya ziwa. Mwombe jirani yako Gust alivushe kwa boti kabla ziwa halijaganda. Ndani mna pikipiki ya theluji, mpya kabisa, inaitwa Unyoya. Kiwanda kimetugawia sisi wakaguzi wa siku nyingi mashine moja moja, nami na mgongo wangu huu mbovu nikaona ya nini kuiweka sebuleni kama kochi. Ni yako. Usiniletee maneno ya siwezi kupokea.

Lile jizee lako, pikipiki yako ya zamani, lina ratili mia nne na ushee. Mwaka jana lilipozama kwenye uji wa barafu ulihangaika nalo saa tatu peke yako, mifuko ya posta imelowa, halafu ukaniandikia kana kwamba ni kichekesho. Mimi sikucheka. Unyoya ina ratili mia mbili na sitini. Ikikwama unaishika mkia, unainyanyua, unaondoka zako. Kila chuma kimepunguzwa mpaka basi. Hata shafti ya mbele, hii inayozungusha mkanda wa mpira unaoisukuma juu ya theluji, ndani ni tupu kama bomba.

Shafti yako nimeikagua mwenyewe. Hapa kila mkaguzi ana rangi yake. Akiridhika na kifaa anakitia nukta, na nukta hiyo kwetu ni sawa na kula kiapo. Mimi natumia ile buluu ya mlango wa jikoni kwa Mama, bado ninayo nusu kopo. Fungua kifuniko cha pembeni utaiona.

Na mimi nina ombi. Kila baada ya wiki mbili tatu niandikie: umekwenda maili ngapi, baridi ilikuwa kiasi gani, mashine ililala wapi, asubuhi iliwakaje. Usinicheke. Nataka kujua unavyoishi huko, na wewe usipoulizwa husemi.

Mama hajambo. Wauguzi wa nyumba ya wazee wanasema anakula vizuri.

Kaka yako,
Orlin


Kisiwa cha Garnet, Ziwa la Woods
9 Desemba 1973

Kaka Orlin,

Nimekutukana, nimepumua, nimekusamehe. Tena nimekusamehe mara mbili, kwa sababu ya sanduku.

Ziwa lilitufungia wiki tatu. Boti haiwezi tena, barafu bado haibebi, na watu wa visiwani wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeliroga lisigande. Kila mmoja anangoja kitu: huyu miwani, huyu barua ya mwanawe, huyu katalogi ya mbegu, na theluji imefika magotini. Barafu ilipofika inchi tano nikaanza kazi.

Orlin, hii mashine! Gust alipoiona aliuliza kama inauzwa na betri zake au unanunua mbali. Mzee wa watu hakuamini. Nikamwambia anyanyue mkia, akanyanyua kwa mkono mmoja, akaenda kunywa kahawa yake. Ijumaa niliingia kwenye uji wa barafu karibu na mkondo, nikashuka, nikainyanyua, nikapanda tena. Hata glavu hazikulowa. Mwaka jana pale pale nililia, sikukuambia.

Haya, maswali yako. Mzunguko wangu ni maili ishirini na nane, mara tatu kwa wiki, zidisha mwenyewe. Baridi imefika digrii ishirini chini ya sifuri. Inalala nje, chini ya dirisha la jikoni. Banda langu limejaa kuni. Asubuhi inawaka kwa kuvuta kamba mara tatu. Mkanda huwa umeganda chini, lakini hii haina haja ya kupigwa mateke kama lile jizee. Naibonyeza mafuta kwa nguvu mara moja, inaruka, inajichomoa yenyewe.

Nilifungua kifuniko nikaiona nukta. Nilisimama pale kama mjinga nikiangalia mlango wa jikoni kwa Mama. Bado ananiita kwa jina la Shangazi Borghild? Mwache aite. Msomee barua hii, mwambie ni Borghild anamsalimu, atafurahi.

Nikuambie na hili, maana uso kwa uso sitaweza. Tangu Arne aniache mjane hakuna mtu aliyeniuliza nimelala wapi, sembuse mashine yangu. Miaka kumi na moja nawapelekea watu barua, na mwenyewe sipati zaidi ya bili na katalogi. Kwa hiyo uliza tu, kaka. Hata mambo ya kijinga uliza.

Dada yako,
Marit


Hegland
17 Desemba 1973

Dada Marit,

Barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi. Asante kwa takwimu, ndivyo ninavyozitaka.

Sasa nisikilize. Usiiache mashine nje. Najua utasema kaka amezeeka. Hapa kiwandani zote zinalala ndani penye joto, na mimi nataka ya dada yangu ilale ndani vilevile. Mpira na chuma havipendi kuganda pamoja. Kama banda lako limejaa, toa kuni. Na ukilazimika kuiacha nje, asubuhi inyanyue mkia, upige mkanda teke mpaka uachane na theluji, ndipo ubonyeze mafuta, tena kidogo kidogo. Usiirushe. Nakuomba, Marit, usiirushe.

Nijibu upesi uniambie inalala wapi.

Mama nitamsomea Jumapili. Kazi ni nyingi, mawakala wanakuja mwezi wa tatu kutia saini oda za mwaka ujao, na Bwana Dufner, mkuu wetu, anatembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Oda zisipokuja, mji huu hauna kingine cha kula.

Krismasi njema. Nimekutumia kopo la kahawa nzuri, ifiche Gust asiione.

Orlin


Kisiwa cha Garnet
30 Desemba 1973

Kaka yangu Orlin,

Gust ameiona. Imebaki nusu kopo.

Tulia basi. Mashine nimeihamishia kwenye banda la boti la Gust, inalala ndani kama malkia, na blanketi juu. Mkanda naupiga teke kila asubuhi kama ulivyosema. Umeridhika? Sijawahi kuona mtu anahangaikia mashine hivi. Gust anasema ungekuwa mke wake angehama kisiwa.

Maili: wiki ya Krismasi mia moja na kumi, kwa sababu ya vifurushi. Baridi: thelathini na moja chini ya sifuri. Watu wote wamepata vitu vyao. Bibi wa kisiwa cha mwisho alinipa mkate wa viazi, lefse nyembamba kama ya Mama, nikala wote njiani nikiendesha.

Jambo moja dogo. Siku tatu nne hizi, ninapoondoka, nasikia kitu kinagonga, tik, tik, upande wa kulia chini ya kifuniko. Nikishika mwendo kinanyamaza. Ni nini hicho?

Umemsomea Mama?

Dada yako anayekupenda ingawa unasumbua,
Marit


Hegland
10 Januari 1974

Dada Marit,

Sijui nikushukuru vipi kwa habari ya banda. Tangu nipate barua yako nalala usingizi. Umenitua mzigo.

Hiyo tik tik ni cheni imelegea, mashine mpya zote huwa hivyo. Ikaze nusu mzunguko. Kama inalala ndani na unaipiga teke, haiwezi kuwa kitu kingine. Wewe piga kazi.

Endelea kuniandikia maili.

Orlin


Kisiwa cha Garnet
26 Januari 1974

Bwana Orlin Tveit,

Naitwa Gust Lahti, jirani wa dada yako. Si mtu wa kuandika, kwa hiyo utavumilia. Marit yupo hospitali ya ng'ambo. Hatakufa. Nimeanza na hilo.

Jumatano hii alitoka ng'ambo saa saba mchana akiwa na posta. Baridi digrii thelathini na sita chini ya sifuri, na upepo. Huwa anafika kwangu saa tisa, ananywa kahawa, ananicheka. Saa tisa hakuja. Tisa na nusu nikawasha lile jizee lake, maana aliniachia, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta nusu maili kutoka ufukweni, anatembea. Mashine ilikuwa imemfia maili nne kutoka hapa. Alikuwa amefungua boneti yake, ile ya plastiki, akaigeuza juu chini, akapakia mifuko ya posta, akaivuta kwa kamba aliyoifunga kiunoni. Nikamwambia acha mifuko upande. Akaniambia nipakie mifuko kwanza. Unamjua.

Kilichomponza ni mikono. Miguu yake mizima. Nilimuuliza kwa nini alivua glavu kwenye upepo ule, mtu aliyezaliwa kwenye barafu. Akasema mashine ilipogoma alijua shafti ni nzima, kwa kuwa shafti aliikagua kaka yake kwa mkono wake, kwa hiyo akatafuta kwingine. Akafungua kabureta. Akakaza cheni, maana kaka yake alisema ni cheni. Akaangalia mkanda wa klachi. Dakika arubaini, mikono mitupu kwenye chuma. Daktari amekata vidole vitatu vya kulia.

Jana nilikwenda kuivuta mashine. Kufungua kifuniko ilinichukua dakika moja. Shafti imekatika vipande viwili pale kwenye tundu la pini, kama muwa uliovunjwa. Nusu ya mkato ina kutu ya siku nyingi, nusu inang'aa. Mimi si fundi wa kiwanda, lakini najua maana yake: ilianza kupasuka zamani. Pembeni kabisa ya mkato kuna nukta ya rangi ya buluu, safi, haina hata mkwaruzo. Sijui ni ya nini.

Posta naipeleka mimi kwa sasa.

G. Lahti


Hegland
30 Januari 1974

Dada yangu Marit,

Nimelia kama mtoto mbele ya mkaguzi mwenzangu. Vidole vyako, Marit. Mungu wangu.

Sina la kusema zaidi ya kwamba ni bahati mbaya ya ajabu. Chuma kwenye baridi kali kina mambo yake, hata kilicho kizima. Hakuna mtu angeweza kujua. Kiwanda kinasikitika sana na kinakuletea mashine nyingine.

Wiki ya pili ya Februari atakuja kijana wetu mmoja, mhandisi, anaitwa Petrick, aichukue ile iliyoharibika. Mpe kila kitu, hasa vipande vya shafti. Tafadhali usimpe mtu mwingine yeyote, wala Gust asivitie mfukoni. Ni mambo ya taratibu tu.

Nitakuja kukuona mara oda zikishatiwa saini. Pole, pole, pole.

Kaka yako,
Orlin


Kisiwa cha Garnet
20 Februari 1974

Orlin,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Ukiona mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza, vumilia, nimevumilia zaidi.

Petrick wako amekuja. Ana adabu, alikunywa kahawa vikombe viwili, akaniuliza kama mkono unauma. Kisha akatoka na Gust kwenda kuifunga mashine kwenye kreti, akaacha jalada lake juu ya meza yangu. Miaka kumi na moja nimebeba barua za watu. Nimebeba za talaka, za msiba, za mapenzi ya watu wenye waume, na sijawahi kuchungulia hata bahasha iliyofunguka yenyewe. Jalada lile nisingeligusa. Lakini ukingoni palichungulia karatasi, na mwandiko ulikuwa wangu.

Barua zangu, Orlin. Zenyewe, siyo nakala. Zimetobolewa matundu na kuingizwa kwenye jalada. Juu imeandikwa: Unyoya, majaribio ya nje, Mpanda Namba Saba. Maili zangu zimepigiwa mstari. Baridi imepigiwa mstari. Na yale mengine yamepigwa mkwaju wa kalamu nyekundu, na pembeni mtu ameandika: hayahusu. Shangazi Borghild hahusu. Lefse haihusu. Kwamba tangu Arne afariki hakuna aliyeniuliza nimelala wapi, hilo nalo limekatwa mistari miwili, halihusu. Mwandiko wa "hayahusu" naujua tangu ulipokuwa unaandika na ulimi nje.

Basi maswali yako yote yale yalikuwa ya fomu. Na mimi nikakujibu kwa moyo wote. Ulinivisha kilemba cha ukoka nikatembea nacho ziwa zima nikijisifu kwamba nina kaka.

Nikafungua ukurasa wa kwanza, maana nilishavuka mpaka. Tarehe kumi na moja Oktoba. Mashine ilikaa nje uwanjani siku mbili, mkaguzi akaibonyeza mafuta mkanda ukiwa umeganda, shafti ikakatika kwenye tundu la pini. Sababu: kosa la mpanda. Mkaguzi: O. Tveit. Wewe ndiye uliyekuwa juu yake! Ilikukatikia wewe mwenyewe, ukaandika kosa la mpanda, halafu baada ya siku kumi na nne ukaniandikia mimi kwamba ni zawadi, na ukanitilia nukta ya rangi ya mlango wa Mama.

Nilipokuambia inagonga ulijua. Usiniambie hukujua. Ukasema ni cheni.

Na mimi nina langu la kuungama, ujue lote. Nilikudanganya kuhusu banda. Banda la Gust lina boti ya Gust, halina nafasi hata ya baiskeli. Mashine ililala nje siku zote. Nilisema iko ndani kwa sababu ulionekana una wasiwasi na nilitaka ulale. Nimeona ulivyoandika pembeni: "Inalala ndani. Hakuna hatari." Ungeniambia kwa nini, ningetoa kuni zote nikazitupa ziwani. Neno moja tu lilihitajika, Orlin. Hukulisema.

Jibu swali langu moja kisha usiniandikie tena. Barua zangu, Mama amesomewa hata moja?

Marit


Hegland
27 Februari 1974

Dada Marit,

Hapana. Hajasomewa hata moja. Nilizipeleka ofisini siku ile ile zilipofika.

Umesema nisikuandikie tena, lakini lazima ulijue lote, halafu unihukumu. Shafti iliponikatikia Oktoba nilimpelekea Bwana Dufner vipande mkononi. Nikamwambia hii ni nyembamba mno, kila mkanda unapoganda na mtu akabonyeza mafuta inajisokota, ikijisokota mara nyingi inapasuka. Akaniuliza, ikiwa nene itaongeza uzito gani? Nikasema ratili nne. Akasema tangazo limeshachapwa, mia mbili na sitini, na ratili nne zinatutoa kwenye hesabu. Halafu akasema, lete watu saba wanaoishi kwenye baridi, tuone kama ni kweli au ni mkono wako mzito. Watu wasio wepesi wa kulalamika.

Wewe hulalamiki. Nilitoa jina lako kabla sijafikiri, na nilipofikiri nikajidanganya kwamba ni afadhali awe dada yangu, nitamwangalia kwa karibu kuliko mgeni. Ndiyo maana nilikusihi kuhusu banda na mateke. Nilikuwa nakuonya, Marit, kwa njia niliyoweza. Uliposema iko ndani nilimshukuru Mungu. Tik tik niliijua, ndiyo. Nilijiambia kama iko ndani basi siyo yenyewe. Nilitaka isiwe yenyewe. Huo ndio ukweli wangu wote, na ni ukweli mchafu.

Nimekwenda kwa Dufner. Nimegonga meza, jambo ambalo sijawahi. Shafti nene imeshachorwa, mashine za mwaka ujao zote zitakuwa nayo. Lakini nakuomba jambo moja, siyo kwa ajili yangu, maana mimi sistahili. Mawakala wanatia saini tarehe ishirini na tisa Machi. Hadi hapo usimwambie mtu. Kuna watu mia moja na arubaini hapa. Unawajua, umecheza nao, baba zao wamembeba Baba kaburini. Wiki nne tu. Wale wapanda wengine sita nitawaandikia mwenyewe, saini zikishakamilika. Baridi inaisha, pengine hakuna litakalotokea.

Kopo la buluu nimelitupa.

Mama alinishika mkono jana akaniuliza Marit yuko wapi. Ametaja jina lako, siyo Borghild. Nilimfunika blanketi nikaondoka.

Kaka yako, ukikubali,
Orlin


Kisiwa cha Garnet
6 Machi 1974

Kwa Bwana O. Tveit, Idara ya Majaribio

Ripoti ya mwisho, kwa kufuata fomu yenu.

Mashine: Unyoya, namba saba. Maili kabla ya shafti kukatika: mia sita na thelathini na kitu. Mahali ilipolala: nje, siku zote. Baridi ya siku ile: thelathini na sita chini ya sifuri. Dalili kabla ya kukatika: kugonga, upande wa kulia, iliripotiwa tarehe thelathini Desemba. Ushauri uliotolewa: kaza cheni. Maili za mpanda kwa miguu: tatu na nusu. Vidole: vitatu. Barua zilizokuwa mifukoni: mia moja na tatu. Zote zimefika kwa wenyewe.

Mashine ya pili mliyoleta imerudishwa ng'ambo ndani ya sanduku lake, haikufunguliwa. Mpanda anatumia lile jizee. Likizama, Gust Lahti yuko nyuma na kamba.

Mama ameandikiwa moja kwa moja, bahasha ina jina lake, na muuguzi ameombwa amsomee leo leo. Ameambiwa Marit yuko wapi.

Ombi la kungoja hadi tarehe ishirini na tisa limesomwa. Kwenye jalada lenu palikuwa na anwani za wapanda wengine sita. Kusoma anwani ni kazi yangu; nikiisoma mara moja haitoki kichwani. Wote wameandikiwa, kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana ripoti hii imechelewa siku tatu. Kila mmoja ameambiwa asipande tena, afungue kifuniko, na kama akiona nukta ya buluu asiiamini. Barua zao zimeondoka kisiwani asubuhi hii katika mfuko mmoja na hii yako.

Mengine nimeyakata. Hayahusu.

Mpanda Namba Saba